Nilicopy disk kinyume, sauti ya Mwalimu ikaenda

Wakuu, nawasalimu kutoka Eldoret, ambako baridi ya leo imenifanya nivae sweta mbili.

Mimi si mtu wa kuanzisha uzi. Miaka yote hapa nimekuwa wa kusoma, kucheka na kutoka. Leo naandika kwa sababu hii kitu imenikalia kifuani tangu mwaka jana, na bibi yangu amechoka kuniona nikiangalia ukuta.

Kila kitu nitawaambia kilitendeka. Nimebadilisha majina tu. Na mahali nilikosa, nitasema nilikosa mimi.

Haya.

Kwetu ni Turbo, lakini kazi yangu ni IT kwa stesheni moja ya redio hapa town. Jina sitaji na tafadhali msianze kubahatisha. Ukiniuliza cheo nitakwambia system administrator, lakini hata kettle ikikataa kuchemka naitwa mimi.

Tuko wawili kwa IT. Mwenzangu ni Njoro, mtu wa Burnt Forest, mpole, anaongea pole pole mpaka unataka kumsukuma. Mimi ni mtu wa haraka. Kumbukeni hiyo.

Kwa server room, ambayo ni store ya zamani tuliwekea AC, kuna storage array. Kwa wale si wa hii laini: ni sanduku la chuma lenye disk nyingi ndani. Hizo disk unaziunganisha, halafu unazikata vipande kwa software. Kila kipande server inakiona kama disk moja kamili. Hiyo ndiyo inaitwa virtual disk.

Recordings zote za stesheni zilikuwa kwa virtual disk moja, REC_A. Halafu kulikuwa na ndugu yake, size ile ile, REC_B. Kabla ya kugusa kitu chochote kikubwa, tunacopy A kwenda B. A ni source, inatoa. B ni target, inapokea.

Na array ikianza kucopy, chenye kilikuwa ndani ya target kinafutwa chote. Shikeni hapo.

Sasa, kuna njia mbili za kufanya hiyo copy. Kuna ile screen ya kubonyeza na mouse, ambayo inakuuliza mara mbili na lazima uandike "yes". Halafu kuna command line. Command line haikuulizi kitu. Ukishabonyeza Enter inachukulia wewe ni mtu mzima.

Sisi tulikuwa wa command line. Kwa sababu hiyo Njoro alianzisha mtindo, tukauita kusomeana. Mmoja akishaandika command, anatoa mikono kwa keyboard na kuiweka kwa magoti. Mwenzake anasimama nyuma yake, anasoma screen kwa sauti, halafu anauliza maswali matatu.

Inatoka wapi?

Inaenda wapi?

Hiyo ya kwenda, ndani kuna nini sasa hivi?

Mpaka ujibu yote matatu, Enter haiguswi. Watu wa newsroom walikuwa wanatucheka, ati hawa wawili wanaimba kwaya. Lakini miaka minne hatukuwahi kupoteza hata faili moja.

Mwaka jana wakati wa mvua kubwa, stima ilienda na kurudi mara tano kwa siku moja. UPS ikachoka. REC_A ikaamka na makosa, server ikakataa kuifungua.

Hatukushtuka. B si ilikuwa na copy ya jana yake? Tukaondoa kinga ya read-only ambayo array iliwekea B ili server iweze kuandika, tukaielekeza huko, na stesheni ikaendelea kama kawaida. A tukaitengeneza baadaye, ikapona, ikakaa tu hapo na vitu vyake vya zamani.

Tulisema ni ya muda. Wiki ijayo tutarudisha. Wiki ijayo ikawa mwezi, mwezi ikawa mitano. Mnajua vile ya muda huwa.

Na kuna kitu kimoja tulisahau. Ile pair ya copy, ile inayoambia array kwamba A ni source na B ni target, hatukuiondoa. Ni command moja fupi ya kuremove. Hatukuipiga.

Sasa niwaambie kuhusu Mwalimu.

Mwalimu Kimutai ni mzee wa Plateau, alifundisha hesabu mpaka akastaafu. Stesheni ilimpatia kipindi cha Jumamosi, anasimulia hadithi za zamani kwa Kinandi. Mimi Mluhya nilikuwa nashika nusu tu, lakini ile sauti! Nzito, ya polepole, hata akisoma bei ya mbolea ungekaa usikilize. Watu walikuwa wanapaki gari kando ya barabara kipindi kikianza.

Halafu akaanza kukohoa. Akapimwa. Ikawa ni saratani ya koo, na daktari akamwambia wazi kwamba kumwokoa ni lazima atolewe kisanduku cha sauti. Ataishi, lakini hataongea tena.

Alipewa wiki mbili ajitayarishe.

Mwalimu ana mjukuu anaitwa Jerotich. Baba ya huyo msichana alifariki mtoto akiwa bado ananyonya, Mwalimu ndiye alimlea. Jero alikuwa ameposwa, na koito, ile sherehe ya familia mbili kukubaliana, ilikuwa imepangwa Disemba. Kwa koito mzee wa boma anasimama na kubariki. Anasema kipande, watu wote wanaitikia pamoja. Anasema kingine, wanaitikia.

Disemba Mwalimu hangekuwa na sauti.

Kwa hivyo akaomba stesheni kitu kimoja tu. Arekodi hiyo baraka sasa, kwa studio, sauti ikiwa bado ni yake. Ichezwe siku ya koito. Na Jero asiambiwe, iwe surprise.

Nani angekataa?

Alikuja siku tatu, na mkewe Mama Selina. Fundi wa studio alikuwa leave, kwa hivyo mimi ndiye nilikaa kwa mashine. Siku ya kwanza koo ilikataa. Ya pili akaimaliza nusu. Ya tatu akaimaliza yote, dakika kumi na nane, na akiacha nafasi kila mahali watu watakuwa wanaitikia. Alikuwa anahesabu hizo nafasi na vidole.

Nilisikia jina la Jerotich mara tatu. Mwishoni alisema kitu, halafu akacheka. Kicheko kidogo, ya mtu amekumbuka kitu.

Nikamwambia, "Mwalimu, hapo mwisho umecheka, turudie?"

Akasema, "Wacha kicheko ikae. Atanijua nayo."

Sasa sikieni hii. Siku hiyo ya tatu Mama Selina alikuwa ametoa simu yake na ameanza kurekodi. Ilikuwa inatoa mlio mlio ya message. Mimi nikanyoosha mkono, nikaishusha hiyo simu polepole, nikamwambia, "Mama, weka tu simu. Hii yetu ni safi zaidi, na haiwezi potea."

Haiwezi potea. Hayo maneno nilitamka mimi, na hii mdomo.

Kabla waende Mwalimu akauliza, "Sasa sauti yangu italala wapi?" Nikampeleka server room nikamwonyesha zile taa za kijani. Njoro alikuwa na command inangoja, tukasomeana hapo hapo, Mwalimu akasimama akatuangalia mpaka mwisho. Akasema kama angekuwa na wanafunzi wa kuulizana hivyo, hakuna mtu angefeli hesabu yake. Tulicheka sana.

Wiki iliyofuata akafanyiwa operation, ikaenda vizuri. Kama mwezi hivi baadaye kukatoka update ya array ambayo ilikuwa lazima tuiweke.

Njoro hakuwa. Ilikuwa msimu wa kuvuna mahindi na alikuwa ameomba siku nne aende nyumbani wakavune kabla mvua irudi. Aliniambia akienda, "Hiyo update ningoje. Ama unipigie, nikusomee kwa simu."

Nikamwambia sawa.

Siku ya pili yake, saa nne asubuhi, jua nje, nimeshiba, sina haraka yoyote ya maana. Nikaamua nimalize hiyo kazi, nianze na copy kama kawaida. Nilijiambia, Njoro yuko shambani mikono imejaa, nimsumbue ya nini? Ukweli ni kwamba nilijiona najua. Hiyo command nilikuwa nimeipiga mara nyingi, niliijua kama njia ya kwenda kwetu.

Nikasimamisha recordings, nikatoa server kwa disk kama procedure inavyosema. Halafu nikaandika:

recopy virtualDiskCopy target ["REC_B"];

Angalieni vizuri. Hiyo command haitaji source. Inasema tu: ile pair yenye target ni B, irudie. Array inakumbuka yenyewe kwamba source ni A.

A yenye vitu vya zamani. Kwenda B yenye tulikuwa tunatumia. B yenye Mwalimu yuko ndani.

Nikabonyeza Enter.

Wakuu, sikutoa hata mikono kwa keyboard.

Nikaona asilimia inapanda. Nikaenda canteen nikanywa chai na mandazi mbili, nikabishana na mtu wa sports kuhusu mpira. Nikirudi imefika sabini. Nikakaa hapo na simu nikiiangalia ikimaliza, nimeridhika kabisa.

Ikasema complete. Nikarudisha server, nikafungua folder.

Faili ya mwisho ilikuwa ya siku ile stima ilisumbua, miezi mitano nyuma.

Nikarefresh. Nikafunga nikafungua tena. Nikatafuta "Kimutai". Kukatokea zile hadithi zake za kabla ya siku hiyo tu.

Nilijua hapo hapo. Hakuna mtu alihitaji kuniambia.

Nikakimbilia backup ya tape, ile nakala ya kila usiku. Kumbe backup ilikuwa imepangwa kusoma A, na hatukuibadilisha tulipohama. Miezi mitano ilikuwa inabeba vitu vile vile vya zamani, na kila asubuhi report inakuja kwa email yangu ikisema success. Nilikuwa naifuta bila kusoma.

Computer ya studio? Inaandika moja kwa moja kwa storage, haibaki na kitu.

Nikampigia Njoro. Nilisikia mashine ya kupukuchua mahindi nyuma yake. Nikamwambia nimefanya nini. Nikasikia mashine ikizimwa.

Halafu akauliza tu, "Ya kwenda, ndani kulikuwa na nini?"

Nililia wakuu. Mwanaume mzima, kwa server room, na ile AC inapiga kelele.

Aliacha mahindi akaja jioni hiyo. Tulijaribu kila kitu tunachojua na tusichojua. Array ikapelekwa kwa wataalamu wa kurudisha data, wakakaa nayo wiki mbili. Wakasema data ikiandikiwa juu hivyo, hakuna cha kurudisha.

Stesheni walinipatia barua ya onyo. Bosi akasema atapiga simu kwa Mwalimu. Nikamwambia hapana, hiyo naenda mwenyewe.

Nikaenda Plateau Jumapili baada ya kanisa. Mwalimu alikuwa amekonda, na kitambaa cheupe shingoni kimefunika kile kishimo anapumulia. Aliniona akafurahi, akanishika mkono na mikono yote miwili. Mama Selina akaleta chai na viazi. Nikaweka kikombe kando.

Nikawaambia. Sikuzunguka. Nilisema imefutika, haiwezi rudi, na aliyeifuta ni mimi.

Mama Selina aliweka birika chini. Akasema, "Mimi nilikuwa nimeanza kurekodi. Wewe ndiye ulinishusha mkono."

Hakupaza sauti. Afadhali angenitukana.

Mwalimu aliinuka akatoka nje. Nikamwona kwa dirisha akienda mpaka kwa ng'ombe, akasimama hapo, mkono juu ya mgongo wa ng'ombe mmoja. Alikaa huko muda mrefu. Mama Selina alikuwa anapanguza meza ambayo haikuwa chafu. Mimi nilikuwa naangalia viatu vyangu.

Mwalimu akarudi, akakaa, akatoa exercise book yake ya square, ile anaandikia siku hizi akitaka kusema kitu. Akaandika: "Nionyeshe vile ilitendeka."

Nikachora maboksi mawili, A na B. Nikachora mshale. Nikamweleza stima, nikamweleza tulihama, nikamweleza ile pair.

Akaangalia kama anasahihisha mtihani. Akachukua kalamu, akazungusha duara kwenye B. Halafu akaandika chini, herufi kubwa za ubaoni:

"NANI ALIKUWA ANAKUSOMEA?"

Nikasema, "Hakuna, Mwalimu. Nilikuwa peke yangu."

Akafunga kitabu. Akaufunika uso na mkono mmoja, na mabega yakaanza kutingika. Mtu asiye na sauti akilia, unasikia tu hewa pale shingoni. Hiyo hewa naisikia mpaka leo.

Nikiwa natoka, alinifuata mpaka kwa gate. Akaandika tena: "Jero hajui kulikuwa na kitu. Usimwambie. Kwa koito uje na spika, wageni watataka muziki."

Disemba nikaenda. Na Njoro. Tulipanga spika kwa hema, tukacheza nyimbo, watu wakacheza. Nilikuwa natabasamu na meno tu.

Ikafika saa ya baraka. MC, ambaye ni ndugu ya Mwalimu, alikuwa amepangiwa asimame mahali pake. Lakini Mwalimu akamgusa bega, akasimama mwenyewe. Akashika fimbo, akaangalia Jero.

Akaanza.

Midomo inaenda, sauti hakuna. Hema ikanyamaza, watoto pia. Akamaliza kipande cha kwanza, akangoja, vidole vikihesabu ile nafasi, vile vile alivyofanya studio.

Hakuna mtu alijua afanye nini.

Halafu Mama Selina, pale alipokaa, akaitikia. Peke yake, kwa sauti kubwa. Mwalimu akaendelea kipande cha pili, akangoja, na safari hii hema yote ikaitikia. Hivyo hivyo mpaka mwisho. Wazee walikuwa wanalia bila kujificha. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya spika, nikijua ni wapi jina la Jero linaingia, na nikiangalia midomo ya Mwalimu ikilitamka mara tatu.

Mwisho akacheka. Niliona mabega.

Jero hakusikia kile kicheko. Hatakisikia.

Baadaye msichana alikuja mahali tunafungasha waya, macho mekundu, amependeza sana. Akanishika mkono, akasema, "Asante sana kwa spika, mbarikiwe. Ilikuwa na sauti safi."

Nikamwambia karibu. Njoro akageuka akajifanya anatafuta extension.

Hiyo ndiyo story wakuu.

Funzo? Kwa wale wa storage: ukigeuza copy, ondoa ile pair siku hiyo hiyo, usingoje wiki ijayo. Angalia backup yako inasoma disk gani, usiamini neno success. Na usishushe mkono wa mama anayerekodi mtu wake, hata kama simu yake ni mbovu namna gani.

Sauti yangu mimi nimebaki nayo. Kila nikiandika command sasa natoa mikono, naweka magoti, na nampigia Njoro hata kama yuko choo. Akikosa, kazi inangoja.

Wale mnataka kunitukana, uwanja ni wenu, sitajibu vibaya. Wale yamewapata kama haya, andikeni hapa chini, tafadhali, nijue siko peke yangu. Na wewe unayesoma hii kwa ofisi, na mkono wako uko karibu na Enter, nikuulize ile swali ya Mwalimu kabla uende:

Nani anakusomea?